Doa la Unyayoni: Milimita Kwanza, Jeni Baadaye

Siku hizi mgonjwa akishaambiwa kwamba lile doa jeusi la unyayoni ni melanoma, hazipiti siku nyingi simu inaingia kutoka ng'ambo. Ndugu aliyeko Toronto au Muscat amesoma kwamba kuna kipimo kinachochunguza jeni za uvimbe na kubashiri kama saratani itasambaa, na yuko tayari kutuma pesa. Upendo wake ni wa kweli na pesa yake ni ya jasho, kwa hiyo nisingependa ipotee. Namwandikia huyo ndugu, namwandikia mgonjwa wake, na zaidi namwandikia mtu mwenye doa ambalo hajawahi kumwonyesha daktari. Msimamo wangu nautaja mapema: jeni za uvimbe zina mengi ya kueleza kuhusu mwenendo wa melanoma, lakini pesa ya kwanza iende kwenye kulikata doa ipasavyo na kulipima unene wake kwa milimita. Kipimo cha jeni kije baadaye, na kije tu pale ambapo majibu yake yatabadilisha tiba.

Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake. Kwa watu weupe, jua ndilo mchochezi mkubwa, na doa huweza kutokea mgongoni, usoni au miguuni. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaupata ugonjwa huu mara chache sana kuliko wao, na uchache huo ndio unaotuponza, kwa sababu hakuna anayeutarajia. Ukija, mara nyingi huja mahali ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nao chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Uligunduliwa mwaka 1977, ukadhaniwa mwanzoni kuwa jeraha la mpira, na Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeshasambaa mwilini.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wenye ualbino. Adui wao mkubwa ni jua, lakini saratani inayowapata zaidi si melanoma, ni ile inayotokana na seli za juu za ngozi na kuanza kama kidonda au gamba lisilopona usoni, masikioni au shingoni. Mafuta ya kujikinga na jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kofia pana na mikono mirefu vinafanya kazi kubwa kwao. Kwa melanoma ya unyayo, mafuta hayo hayana msaada. Kinga pekee inayotegemeka ni kuangalia.

Na kuangalia unyayo si jambo tunalolifanya kwa makusudi, ingawa nafasi tunazo tele. Anayetawadha anaosha miguu mara kadhaa kwa siku na kupitisha kidole katikati ya vidole. Atakaposhika mguu, basi mara moja kwa mwezi augeuze autazame. Kaa kwenye kigoda mahali penye mwanga, osha mguu, ukaushe, weka mguu juu ya goti la pili, kisha pitisha macho kuanzia kisiginoni hadi kwenye ncha za vidole. Tanua vidole kimoja kimoja. Asiyeweza kujikunja ampe mtu wake simu ampige picha, na picha hiyo itunzwe ili ya mwezi ujao ilinganishwe nayo. Akina mama wa Pwani wana jambo moja la ziada: hina na piko. Kucha iliyopakwa hina mwezi baada ya mwezi inaweza kuficha mstari mweusi unaopanuka, na unyayo uliochorwa kwa ajili ya harusi unaweza kuficha doa. Wala usiache kupaka hina. Angalia kabla ya kupaka, na angalia tena inapofifia.

Unatafuta nini? Doa lenye rangi zisizolingana, huku jeusi, kule kahawia, pembeni kama bluu. Doa ambalo mipaka yake imetapakaa kama wino uliomwagika. Doa linalokua kwa mtu mzima. Chini ya kucha, tafuta mstari mweusi unaozidi kuwa mpana, hasa ukiona weusi umevuka kucha na kuingia kwenye ngozi iliyo nyuma yake au pembeni. Mistari myembamba kwenye kucha nyingi ni ya kawaida kabisa kwa watu weusi. Mstari mmoja kwenye kidole kimoja, uliokuja ukubwani na unaobadilika, ndio wa kupeleka hospitali. Tena si melanoma zote ni nyeusi. Nyingine ni za waridi, zinafanana na chunjua au nyama ya kidonda, zinatoka damu kidogo kisha zinakauka. Hizi ndizo zinazoitwa kidonda ndugu na kumwagiwa unga wa vidonge vya rangi mbili kwa mwaka mzima. Sheria yangu ni rahisi: kidonda au doa la mguuni ambalo halijaonyesha dalili ya kupona ndani ya miezi miwili limetosha kuitwa mashaka, hata kama unakumbuka mwiba uliokuchoma pale pale. Na usilichonge kwa wembe kama sugu.

Daktari wa ngozi ana lenzi yenye taa inayoonyesha kitu ambacho jicho halikioni. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji midogo, kama ile inayoacha alama ya dole gumba kwenye karatasi. Katika doa la kawaida rangi hukaa kwenye mifereji. Katika melanoma changa rangi mara nyingi hukaa juu ya matuta. Ni uchunguzi wa dakika chache, hauumi, na unaweza kukuepusha na kisu au kukuharakisha kukifikia.

Ikifika hatua ya kukata, hapo ndipo naomba umakini wako wote, kwani makosa ya siku hiyo hayarekebishiki kwa kipimo chochote cha baadaye. Doa linalowezekana kutolewa lote litolewe lote, pamoja na ukingo mwembamba wa milimita 1 hadi 3 za ngozi safi. Kukwangua juu juu kunaharibu jambo muhimu kuliko yote, yaani unene. Doa likiwa kubwa mno, kipande kikatwe pale panapoonekana pabaya zaidi na kishuke hadi chini ya ngozi. Kwa ukucha, kinyama kinachohitajika ni cha kwenye mzizi wa ukucha. Kipande cha ukucha peke yake hakitoshi.

Kisha kuna ile chupa. Katika hospitali zetu nyingi ni ndugu wa mgonjwa anayekabidhiwa chupa yenye kinyama aipeleke maabara, pengine kwa basi hadi mji mwingine. Uliza kilichomo ndani yake. Kinatakiwa kuwa fomalini ya asilimia 10, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Maji, maji ya chumvi na spiriti haviwezi kuchukua nafasi yake. Jina la mgonjwa, mahali kinyama kilipotolewa na tarehe viandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Usiiache kwenye jua juu ya dashibodi. Maabara ikishapokea, kinyama hugandishwa ndani ya nta na kuwa kibonge kidogo kinachokatwa vipande vyembamba kwa ajili ya hadubini. Kibonge hicho ni mali ya thamani kwa mgonjwa. Andika namba yake, uliza kinatunzwa wapi na kwa muda gani, maana vipimo vyote vya jeni nitakavyovitaja vinafanywa juu yake.

Ripoti ikirudi, usitosheke na neno melanoma. Tafuta unene wa Breslow. Alexander Breslow, mtaalamu wa patholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1970 kwamba kupima kwa milimita jinsi uvimbe ulivyozama ndani ya ngozi kunabashiri vizuri nani atakuwa salama na nani yuko hatarini. Zaidi ya nusu karne imepita na bado kipimo hicho ndicho msingi. Chini ya milimita 0.8 bila kidonda juu yake, hatari ni ndogo sana. Mipaka mingine inayotumika ni milimita 1, 2 na 4, na kila unapovukwa mmoja hatari inapanda. La pili ni kama ngozi iliyo juu ya uvimbe imechubuka, kwani mchubuko unaoonekana kwa hadubini unaupeleka ugonjwa ngazi moja mbele hata kama unene ni ule ule. La tatu ni kama kingo za kilichokatwa ni safi. Ripoti isiyo na mambo haya matatu irudishwe kwa heshima, na mtaalamu aombwe aikamilishe. Ni haki yako, na wengi huikamilisha bila kinyongo.

Unene huohuo ndio unaoamua upasuaji wa pili. Kwa uvimbe wa milimita 1 au chini, daktari huongeza ukingo wa sentimita 1. Ukizidi milimita 2, sentimita 2. Unene ukizidi milimita 1, au mapema kidogo kukiwa na mchubuko, panazungumzwa pia suala la tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka kwenye doa; kwa mguu, huwa kinenani. Donald Morton na wenzake walieleza mbinu ya kuitafuta tezi hiyo kwa rangi mwaka 1992. Ikikutwa na seli za saratani, zamani tezi zote za kinena ziliondolewa, na kwa baadhi ya wagonjwa mguu ukavimba maisha yote. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kuziondoa zote mara moja hakurefushi maisha kuliko kuzifuatilia kwa karibu. Kwa hiyo ukiambiwa tezi zote zifagiliwe kwa sababu ya chembe chache zilizoonekana kwenye moja, uliza kwa nini.

Sasa nije kwenye jeni zenyewe. Seli ya unyayo na seli ya ini zina jeni zile zile. Kinachozitofautisha ni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala, na kwa kiasi gani. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala za RNA, na nakala hizo zinaweza kuhesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa kipimo cha utendaji wa jeni: haiulizi kama jeni imeharibika, inauliza inafanya kazi kiasi gani ndani ya uvimbe huu.

Mwaka 2000 ulileta matokeo mawili katika jarida la Nature ambayo mimi bado nayaona ya ajabu. Kundi moja la Marekani lilipima maelfu ya jeni kwenye sampuli za melanoma na kukuta kwamba uvimbe unaofanana machoni unagawanyika kimakundi kwa utendaji wa jeni zake. Kundi jingine liliwadunga panya seli za melanoma, likakusanya zile zilizofanikiwa kukaa kwenye mapafu, likazikuza na kuzidunga tena, mpaka likapata seli zenye ustadi wa kusambaa. Zilipolinganishwa na seli za mwanzo, jeni iitwayo RhoC ilikuwa imepandisha kazi yake, na kuipandisha kwa makusudi kulitosha kuzifanya seli zisambae zaidi. RhoC husaidia seli kujivuta na kutembea. Kumbe kusambaa kwa saratani kunahitaji pia seli kuanza kutumia vifaa vya mwendo ambavyo tayari zinavyo.

Tangu hapo picha imekuwa pana zaidi. Seli ya rangi iliyo salama hushikamana na jirani zake kwa protini ya gundi inayoitwa E-kadherini. Melanoma inapoanza kuzama, gundi hiyo hupungua na nyingine, N-kadherini, hupanda, na seli hupata uhuru wa kuondoka. Kuna jeni iitwayo MITF ambayo ikifanya kazi sana, seli hutengeneza rangi na kuzaliana. Ikishuka na nyingine iitwayo AXL ikapanda, seli huzaliana polepole lakini hupenya. Na hazibaki upande mmoja. Utafiti wa mwaka 2016 uliopima seli moja moja ulikuta aina zote mbili ndani ya uvimbe mmoja. Mgonjwa alikumbuke hilo kabla ya kuamini namba moja iliyotoka kwenye kipande kimoja: kilichopimwa ni hali ya seli hizo, siku hiyo, mahali hapo.

Vipimo vinavyouzwa vimejengwa juu ya maarifa hayo. Kilichotajwa zaidi Marekani kinapima jeni 31 kwenye kibonge cha nta na kumweka mgonjwa kwenye daraja kuanzia 1A, lenye hatari ndogo, hadi 2B, lenye hatari kubwa. Kingine kinachanganya jeni 8 na umri wa mgonjwa na unene wa Breslow ili kukisia kama tezi ya kwanza ina saratani, kwa nia ya kumwepusha mtu na upasuaji usio wa lazima. Kwa melanoma ya ndani ya jicho, ambayo ni ugonjwa tofauti na hupenda kukimbilia ini, kuna kipimo cha jeni 15 kilichopata nafasi imara zaidi kliniki, kwa sababu makundi yake mawili yanatofautiana waziwazi.

Kwa melanoma ya ngozi mambo hayajafika huko. Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa Marekani lilitoa makubaliano kwenye jarida la JAMA Dermatology kwamba ushahidi haujatosha kuvipendekeza vipimo hivi kwa kila mgonjwa. Sababu zinaeleweka. Mwenye uvimbe mwembamba tayari ana nafasi kubwa ya kubaki salama, kwa hiyo wengi watakaoambiwa wana hatari kubwa hawatapatwa na kitu, ila wataishi na hofu. Mwenye uvimbe mnene tayari anajulikana kuwa hatarini, na jibu zuri la jeni halimruhusu kuacha ufuatiliaji. La kutuhusu sisi zaidi ni kwamba vipimo hivi vimejengwa kwa kiasi kikubwa kutokana na sampuli za watu weupe, wenye melanoma za jua. Melanoma ya unyayo ina mabadiliko yake ya kijeni na njia yake ya kukua. Kuchukua kipimo kilichotengenezwa kwa uvimbe wa mgongoni wa mtu wa Arizona na kukifunga kwenye kisigino cha mkulima wa Mbeya ni kukipa mamlaka ambayo hakijayapata.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu, nao ni wa vipimo viwili tofauti kuitwa kwa jina moja, kipimo cha jeni. Cha pili hakihesabu utendaji, kinatafuta hitilafu. Hitilafu ya jeni ya BRAF, iliyogunduliwa 2002, inapatikana kwa takribani nusu ya melanoma za ngozi za watu weupe, na tangu 2011 kuna dawa za kuilenga. Kwenye melanoma za nyayo BRAF huonekana kwa wachache, na wachache wengine wana hitilafu ya KIT, na baadhi yao huitikia imatinibu, dawa inayofahamika kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Kipimo hiki cha hitilafu kinachagua dawa. Kama ugonjwa umeshafika kwenye tezi au mbali zaidi, na kuna pesa ya kipimo kimoja tu, hiki ndicho cha kulipia. Tiba za kuamsha kinga ya mwili, ambazo msingi wake uliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya 2018, hutolewa bila kungoja hitilafu yoyote, ingawa kwa wastani melanoma ya unyayo huziitikia kidogo kuliko ile ya jua. Bei yake ni nzito. Iulizwe mapema, pamoja na kile ambacho bima italipa na ambacho haitalipa.

Basi ndugu wa ng'ambo akipiga simu, mwambie akuulizie mambo haya kabla ya kutuma kitu. Jibu likiwa baya, daktari wetu atafanya nini ambacho asingefanya? Likiwa zuri, ataacha nini? Kati ya wagonjwa waliotumika kukijenga kipimo, wangapi walikuwa na melanoma ya unyayo? Kibonge chetu kina miaka mingapi, na RNA yake bado inasomeka? Kama maswali mawili ya kwanza yanajibiwa kwa "hakuna", pesa hiyo ina kazi bora: nauli za kliniki, ultrasaundi ya kinena, au CT. Na kama kipimo kimeshafanyika na jibu ni 2B, usilichukulie kama hukumu. Mpelekee daktari bingwa wa saratani, kama wale wa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, alisome sambamba na milimita, mchubuko na hali ya tezi. Linaweza kumfanya akuite kliniki mara nyingi zaidi, na hilo si dogo.

Watoto wasitishwe. Kipimo cha utendaji wa jeni kinasoma uvimbe wa mama. Hakisemi lolote kuhusu damu ya watoto wake. Melanoma ya unyayo kwa kawaida si ya kurithi, na hakuna sababu ya kuficha ugonjwa kwa kuogopa kwamba mabinti hawataolewa.

Baada ya upasuaji, miaka ya mwanzo kliniki huwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Katikati ya kliniki hizo, jipapase mwenyewe mara moja kwa mwezi. Lala chali, goti limekunjwa kidogo, tumia vidole vitatu bapa kuupitia mkunjo wa kinena kuanzia ndani kwenda nje, kisha upande wa pili ili ulinganishe. Papasa nyuma ya goti. Angalia ngozi yote kati ya kovu na kinena kama kuna vivimbe vidogo, vyeusi au vya rangi ya ngozi, kwa sababu melanoma inaweza kusimama njiani kabla ya kufika kwenye tezi. Mtoki mgumu, usiouma, unaobaki baada ya wiki tatu kwa mtu aliyewahi kuwa na melanoma ya mguu hautibiwi kwa dozi ya antibayotiki ikifuatwa na nyingine. Unachomwa sindano nyembamba, seli zake zinavutwa na kusomwa siku hizohizo, na majibu yakithibitisha, kibonge kile ulichoandika namba yake kinatolewa kabatini kwenda kupimwa BRAF na KIT.